Ala ya Pimamaji katika Nchi ya Matazamio

Sitawachosha kwa habari za njia. Nitaanza pale nilipofika. Nilikaa siku tisa katika nchi iitwayo Matazamio, na mambo ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Yale machache niliyosimuliwa tu, nitasema kuwa nimesimuliwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika nchi ile hakuna anayeijali tofauti hiyo, na jambo hilo ndilo lililonitia hasira ninayoandika nayo mpaka leo.

Watu wa Matazamio ni wachapakazi, ni wasafi, na wanaheshimu wageni. Kitu wanachokipenda kuliko vyote ni mashine ndogo ya gemu ishikwayo kwa mikono miwili: kioo katikati, vitufe upande wa kulia, kijiti cha kuongozea upande wa kushoto. Karibu kila nyumba inayo moja. Wanaozitengeneza wako ng'ambo ya milima, hawajawahi kukanyaga Matazamio wala kutuma mjumbe. Kila baada ya miaka kadhaa huteremsha aina mpya bila hotuba wala ngoma. Hilo peke yake halina ubaya. Mimi si mzee wa kukasirikia michezo; nimecheza bao miaka hamsini na sijutii hata kete moja.

Ubaya ni huu. Ile mashine waliyo nayo wanaiita Kilichopo, na wakilitamka neno hilo hushusha sauti kama mtu anayetaja maradhi ya ukoo. Ile ambayo haijashuka bado wanaiita Kijacho. Hakuna aliyekiona Kijacho. Hakuna aliyekishika, wala ajuaye kama kimeanza kutengenezwa. Lakini nchi nzima inaendeshwa kwa umbo lake.

Asubuhi ya kwanza mtu alinisimamisha njiani, akaweka mkono kifuani na kusema, "Kimesikikaje, mzee?"

Nikajibu, "Sijambo."

Akanitazama kwa huruma. Baadaye nilifundishwa kwamba jibu la salamu hiyo ni kutaja fununu ya karibuni: "Kimesikika chembamba," au "Kimesikika na vioo viwili." Anayejibu kwamba hajasikia kitu hupewa pole, kama mfiwa.

Kila raia hubeba kibao cha mti kilichochongwa kwa umbo la Kijacho kama lilivyotangazwa wiki ile, ili vidole gumba vizoee kabla ya siku yenyewe. Niliwaona watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wamekaa barazani wakibonyeza vibao visivyobonyezeka, nyuso zimekunjamana kwa bidii. Fununu ikibadilika hutoka tangazo, vibao vya zamani huchomwa, vipya huchongwa. Wiki niliyofika, tundu la chaji lilikuwa limehamishwa kutoka chini kwenda juu, na moshi wa vibao ulitanda mji mzima. Upande wa mashariki msitu umekwisha. Nilimwuliza mchongaji mmoja kama haioni hasara ya miti.

"Miti ilikuwepo, mzee," akasema, akaendelea kuranda.

Siku ya pili nilipelekwa kwenye Ofisi ya Fununu, jengo kubwa kuliko hospitali yao. Aliyenipokea ni Katibu wa ofisi hiyo, Bwana Burhani, mtu wa makamo, mpole, suti yake imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Muhuri wa shaba ulining'inia shingoni mwake. Ni yeye anayeamua fununu ipi iwe tangazo, na hakuna amri ya nchi inayotekelezwa bila yeye kuigonga muhuri ule kwa mkono wake.

"Hapa hatupokei maneno ya mitaani," aliniambia kwa fahari. "Kila habari lazima iwe na chanzo."

"Chanzo kama nani?"

"Shemeji."

"Shemeji wa nani?"

"Wa mtoa habari. Anayefanya kazi kiwandani, huko ng'ambo." Akanifunulia daftari nene kama godoro la mtoto. "Hili ndilo Daftari la Mashemeji. Wameandikwa elfu nne na mia mbili."

"Na kiwanda kina wafanyakazi wangapi?"

"Hilo halijasikika."

"Mmewahi kumwona hata shemeji mmoja, Katibu?"

Alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Mzee wangu, shemeji akionekana atafukuzwa kazi. Huko kutoonekana ndiyo dalili kwamba ni wa kweli."

Kisha akanieleza sheria zao za ushahidi. Jambo likisemwa na watu watatu ni kweli, hata kama wote watatu walilisikia kwa mmoja. Mafundi wa ng'ambo wakinyamaza, wamekubali. Na jambo likikanushwa limethibitika kabisa, maana hakuna mtu anayejisumbua kukanusha kitu kisicho na uzito.

"Na mtu akikubali?" nikauliza.

"Amethibitisha pia."

"Basi afanye nini ili jambo lisithibitike?"

Burhani alifikiri kwa unyofu, mkono kidevuni. "Swali hilo halijawahi kuletwa ofisini," akasema.

Siku ya tatu nilihudhuria kikao cha Baraza Kuu. Kuna vyama viwili, Wapana na Wembamba, kila kimoja kimeitwa kwa umbo kinaloliamini. Nilisimuliwa, sikuona, kwamba posa moja ilirudishwa kwa sababu ya vitufe vya nyuma. Ajenda ya siku hiyo ilikuwa moja: je, kijiti cha kushoto kitakuwa na kichwa cha mviringo au cha bapa? Mjumbe wa Wapana, bibi mmoja mnene mwenye sauti ya kuimbia harusini, alisema Kijacho kitakuwa kipana kiasi cha kulaza kitoto.

"Bibi, wewe kila kitu unakipima kwa kiti chako," akadakia mjumbe wa Wembamba.

Ukumbi ukacheka. Bibi hakutetereka. "Na wewe mwanangu unakipima kwa akili yako, ndiyo maana kimekuwa chembamba."

Nami nilicheka, nakiri. Lakini walikaa hapo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu mia moja na ishirini waliosoma, na kupitia dirishani niliona daraja la mji limekatika katikati, na kinamama wanavuka mto na mizigo kichwani, maji ya kiuno. Niliuliza kama daraja litajadiliwa. Nikajibiwa kwamba daraja ni la zamani, linajulikana, halina jipya la kusemwa.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, ambacho chanzo chake ni mimi.

Natembea na pimamaji yangu, niliyokabidhiwa nilipostaafu karakana ya reli. Asiyeijua nimweleze: ni kipande cha mti kirefu kilichonyooka, kina shaba ncha zote mbili, na katikati kina kidirisha cha kioo chenye maji na kiputo cha hewa. Ukikilaza juu ya kitu, kiputo kikatulia katikati, kitu hicho kimelala sawa. Kikikimbilia upande mmoja, kitu kimeinama. Ala ya ngozi ninayoibebea ilikuwa imechanika njiani. Nikaulizia fundi. Watu walitazamana, na mmoja akaninong'oneza kwamba yuko mmoja tu, nyuma ya machinjio.

Kutengeneza kitu kilichoharibika si kosa kisheria huko Matazamio. Ni aibu tu, kama kula jikoni umesimama. Kwa nini utengeneze Kilichopo wakati Kijacho kinakuja? Ndiyo maana duka la Bi Mwantumu halina kibao cha jina. Ni mama wa miaka sitini hivi, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja, na vidole vyake vina alama za kuungua kwa kulehemu.

"Karibu, mzee. Umepitia mbele?" akauliza.

"Nimepitia mlangoni. Kuna mahali pengine?"

"Wateja wangu wana mlango wao wa nyuma. Wa mbele hupita nzi na wewe."

Nilimwonyesha ala. Akaigeuzageuza, akasema haishoneki tena, atanikatia mpya ya ngozi ya mbuzi. Akapima pimamaji yangu mara mbili, jambo lililonifurahisha. Fundi anayepima mara moja simwamini. Ala ile mpya ilikuwa ndefu, nyembamba, ina tundu dogo katikati ili kiputo kionekane bila kuivua, na vitundu viwili vya kamba kwenye ncha.

Nyuma yake palikuwa na rafu ya mashine za gemu, arobaini na tatu, nilizihesabu, kila moja imefungwa karatasi yenye alama bila jina.

"Za nani zote hizi?"

"Za hao hao unaowaona na vibao. Mchana vidole viko kwenye mti, lakini mtu ana mashine aliyochezea na kaka yake, au iliyomfariji alipolazwa hospitali. Ikizimika, anakuja. Anaweka mezani, anasema ameiokota."

Alikuwa amefungua moja mezani, matumbo nje. Akaniambia hiyo ni ya mwanaume mmoja aliyefiwa na mkewe. Marehemu alikuwa na gemu ya kulima, na humo ndani alipanda bustani miaka mingi. Mashine ilikufa baada yake. Mume hajui hata kuiwasha, ila anataka aione bustani mara moja.

"Mambo ya mle ndani hayahamishiki kwenye nyingine?"

"Hayahamishiki. Mashine ikivunjwa, bustani imekwenda." Akainama tena. "Namtafutia kioo. Siku ya saba leo."

"Ni nani mtu huyo?"

"Fundi hataji wateja, mzee. Hata wewe nitasema umeokota."

Akaitundika ala yangu kizingitini ngozi ikauke. Hilo ndilo kosa letu, lake na langu.

Kesho yake asubuhi mkaguzi wa Ofisi ya Fununu alipita. Akaona ala ya ngozi mpya, ndefu, nyembamba, yenye tundu dogo katikati na vitundu viwili pembeni. Katika nchi yoyote mtu angeuliza: ni ya nini? Matazamio hawaulizi hivyo. Wanajua kwamba washonaji wa ala hupewa vipimo vya Kijacho kwa siri mapema, ili ala ziwe tayari siku yenyewe ikifika. Basi ala isiyotosha kitu chochote kinachojulikana ni ala ya Kijacho. Mkaguzi aliitungua, akaikumbatia, akakimbia nayo.

Ilipofika adhuhuri, barabara ya machinjio haikupitika kwa watu. Wembamba walikuwa wanacheza ngoma. Msomi mmoja alisimama juu ya pipa akafafanua kwamba kioo cha Kijacho kitakuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa ajili ya kulinda macho, na kwamba yeye alilitabiri hilo zamani ila hakusikilizwa. Jioni hati ya wito iliwekwa mezani kwa Bi Mwantumu.

"Kesho tutasema kweli, yaishe," nilimwambia.

"Na tuseme," akajibu, lakini niliona hakuwa na matumaini kama yangu. Yeye alizaliwa kule.

Mahakamani Hakimu Sekiondo alikuwa amekaa kwenye jukwaa nyuma ya meza ndefu. Bwana Burhani, kwa cheo chake, ndiye aliyesoma shauri: kwamba Mwantumu binti Faraji, fundi, amekutwa na ala ya Kijacho, na kwamba atamke nani alimpa vipimo.

"Mzee huyu," akasema Bi Mwantumu, akanionyesha. "Ni ala ya pimamaji yake."

Nilisimama, nikaomba ala, nikaitumbukiza pimamaji ndani yake mbele ya watu wote. Iliingia kama kisu kwenye ala yake, tundu likaja sawa na kidirisha. Nikaiinua juu, nikageuka polepole ili kila mtu aone. Nilidhani nimemaliza kesi.

"Kitu hicho kipo?" akauliza Hakimu.

"Kipo, Mheshimiwa. Ninacho mkononi."

"Basi hakihusiki na shauri hili. Kilichopo hakitoi ushahidi juu ya Kijacho."

Nilitembea mpaka mbele, nikailaza pimamaji juu ya meza yake. Kiputo kikakimbilia kushoto, kikagota huko.

"Mheshimiwa, meza yako imeinama," nikasema.

Karani akafungua kitabu, akasoma, akainua uso. "Imekuwa ikisikika kwamba imenyooka," akasema.

Hakimu akamrudia Bi Mwantumu. "Una shemeji kiwandani?"

"Sina. Nilikuwa na shemeji mmoja tu, akiuza samli, naye amekufa."

Mnong'ono wa furaha ukapita ukumbini. Mtu nyuma yangu akasema, "Amekana."

"Unakana kwamba ala hii ni ya Kijacho?"

"Nakana."

"Amekana mara mbili," wakasema.

"Bibi, hii ni mara ya mwisho nakuuliza."

Nilimwona amefahamu. Akinyamaza, amekubali. Akikubali, amethibitisha. Akikana, amethibitisha zaidi. Alinitazama. Kisha akanyoosha mgongo.

"Ni ala ya pimamaji," akasema. "Hata mkinifurahia nitasema hivyo hivyo."

Ukumbi mzima ulisimama kwa shangwe. Hakimu alitangaza kwamba umbo la Kijacho limethibitika, na kwamba Bi Mwantumu tangu saa ile ni Mshonaji Mkuu wa Ala za Taifa, mwenye joho na kiti barazani. Na kwa kuwa haifai mwenye cheo hicho kukaa na takataka za Kilichopo, mashine zote zilizo rafuni kwake zikusanywe na kusagwa kabla ya saa kumi alasiri, chini ya usimamizi na muhuri wa Katibu Burhani.

Hapo ndipo Bi Mwantumu aliposogea mbele. "Joho sitaki. Na zile mashine si zangu, Mheshimiwa. Ni za watu."

"Watu gani? Wasimame."

Bi Mwantumu akageuka, akautazama ukumbi, safu kwa safu. Aliwajua nusu yao. Walijua kwamba anawajua. Angeweza kutaja jina moja tu na mtu yule angelazimika kusema. Hakutaja. Hakuna aliyesimama. Niliona mwanaume mmoja akiangalia viatu vyake, na bibi yule wa Wapana, mwenye ulimi wa wembe, akikuna kibao chake kwa ukucha.

Nikasimama mimi.

"Mheshimiwa, nimepima reli miaka thelathini na moja. Reli ikiinama upana wa ukucha, gari moshi huanguka na watu hufa. Hatujawahi kuinyoosha kwa kusikia kwamba imenyooka. Mmeoneshwa ala, mmeoneshwa kitu chake, kimeingia mbele ya macho yenu. Na humu ndani wamo watu waliopeleka mali zao kwa mama huyu kwa mlango wa nyuma, akawasitiri, na leo wanamtazama akivunjiwa kazi yake. Nyinyi si wajinga. Mjinga hana lawama. Mimi nilikuwa mjinga mpaka miaka thelathini na tisa, nikaingia darasa la jioni na mikono ya grisi, watoto wangu wakinicheka. Mjinga anaweza kujifunza. Nyinyi mnajua, na mmechagua kutojua. Kwa ugonjwa huo sijui darasa."

Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, nikiri.

"Mgeni amekasirika sana," akamwambia karani. "Iandikwe kuwa hasira yake ni uthibitisho wa nne."

Tulirudi dukani. Nilitaka kumwomba radhi, maana ala ilikuwa yangu, lakini alikwisha kukaa mezani na kushika bisibisi, mbele yake ile mashine ya mfiwa na kioo ambacho hatimaye alikipata. Zilikuwa zimebaki saa tatu. Sikuelewa anafanya nini. Mashine itakayosagwa saa kumi, kwa nini uitie kioo saa saba? Nilimuuliza.

"Kazi nimeipokea," akasema. "Nishikie taa hapo, mzee, kivuli chako kinaniingilia."

Nikashika taa.

Burhani alifika kabla ya wakati, na watu wanne wenye mkokoteni, magunia na nyundo. Aliwaacha nje, akaingia peke yake. Hakunitazama. Bi Mwantumu alikuwa anafuta kioo kwa pindo la kanga.

"Katibu, yako iko tayari," akasema.

Ndipo nilipojua mume yule ni nani. Mtu aliyesoma shauri mahakamani, aliyebeba muhuri, alikuwa amesikia amri ya kusagwa mashine ya marehemu mkewe na amesimama wima, suti imenyooka, hakupepesa macho. Sijawahi kumkasirikia mtu kiasi kile. Niliufungua mdomo, Bi Mwantumu akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimekuja na amri, Fundi," akasema Burhani.

"Najua. Kwenye gunia itaingia hata ikiwa nzima. Iwashe kwanza. Siku tisa nimeihangaikia, sitaki kazi yangu ife hujaiona."

Aliichukua kwa mikono miwili. Hakujua pa kubonyeza, Bi Mwantumu akamwonyesha. Kioo kikawaka. Niliona, kwa juu ya bega lake, kijishamba kidogo chenye nyumba ya buluu, ua wa miti, na matuta sita ya nyanya yaliyonyauka. Maandishi yakatokea. Burhani aliyasoma midomo ikichezacheza, kama nilivyosoma mimi mwaka wangu wa kwanza.

"Karibu tena, Salima. Hujamwagilia kwa siku mia nne na kumi na mbili."

Akakaa chini, sakafuni, na suti yake.

"Inadhani mimi ni yeye," akasema.

"Haijui msiba," akajibu Bi Mwantumu.

"Zimekufa?"

"Kwenye gemu hii hazifi. Hunyauka tu zikisubiri. Bonyeza hiki uteke maji. Hiki umwage."

Akaweka kidole gumba pale. Miaka mingi kidole kile kilikuwa kimebonyeza mti. Akabonyeza, maji yakamwagika juu ya tuta la kwanza, na majani yakainuka. Aliondoa kidole kama aliyeungua.

"Kimebonyezeka," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo vitufe vilivyo, Katibu."

Mmoja wa wale wanne akachungulia mlangoni, jitu la miraba minne, nyundo begani. "Katibu, tuanze rafu ya juu au ya chini?"

"Msianze."

"Saa kumi inakaribia."

"Amri haijagongwa muhuri."

"Muhuri si huo shingoni kwako?"

Burhani aliuvua bila kuondoa macho kwenye kioo, akamnyooshea. "Mpelekee Hakimu."

Yule mtu aliushika kwa ncha za vidole, kana kwamba ni moto. "Wataniuliza sababu, Katibu. Niseme nini?"

"Sema namwagilia nyanya."

Jitu lile likamsogelea Bi Mwantumu, likainama mpaka sikioni pake, lakini sauti yake haikuwa imeumbwa kwa siri, nami nikasikia. "Mama, ile ya tatu kutoka kushoto, rafu ya juu. Niliiokota."

"Inasubiri kitufe kimoja. Pita Alhamisi."

"Mlango wa nyuma?"

"Wa mbele una nafasi zaidi."

Wakaondoka na mkokoteni mtupu.

Burhani alipoteza cheo siku ile ile, na nyumba ya serikali pamoja nacho. Lakini amri haikuweza kutekelezwa bila Katibu, na nilielezwa kwamba kumpata Katibu mpya huchukua miaka, maana kila mgombea sharti alete mashemeji watatu ana kwa ana, na mashemeji hawaonekani. Kwa hiyo rafu imesalimika. Imesalimishwa na upumbavu wa sheria zao pamoja na mtu mmoja aliyekaa sakafuni, na mimi sijui nishukuru kipi zaidi.

Msidhani nchi ilipona. Nilikaa siku mbili zaidi, na nilipokuwa naondoka niliona kila raia, kuanzia Hakimu, amebeba kibao kirefu chembamba chenye kidirisha cha ukubwa wa ukucha. Upande wa magharibi walikuwa wameanza kukata msitu. Mtu mmoja, kwa furaha ya kweli, alinisimamisha anionyeshe chake, akaniuliza kama ng'ambo nilikotoka watu wamekwisha kusikia. Nilimwambia kwamba ni pimamaji, kwamba ni yangu, kwamba tazama hii hapa. Akanishukuru sana kwa kukanusha, akakimbia kuwaambia wenzake. Hasira ile ninayo bado na sitaki ipoe.

Nilipita nyuma ya machinjio kuaga. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ndani walikuwamo wateja wawili, wote wanatazama ukutani. Burhani alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, shati bila koti, amefika tuta la tano. Aliniinulia kichwa kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

"Punguza mwangaza," Bi Mwantumu alimwambia bila kugeuka. "Betri hiyo ni ya zamani."

Akapunguza.